Rasimu ya sheria ya akili mnemba ikitoka, peleka makosa yako

Nilipoanza kuunda programu ya kuchuja maombi ya kazi, sikutaka hata kusikia neno udhibiti. Tulikuwa watu watatu na mteja mmoja, na tuliamini kwamba serikali ikitia mkono kwenye akili mnemba itatukaba kabla hatujasimama. Leo naunga mkono sheria, tena yenye meno. Nawaandikia wenzangu mnaounda vitu hivi, hasa mlio wachache na msio na mwanasheria.

Kilichonigeuza ni wasifu mmoja. Mhasibu, miaka 11 kazini, vyeti vyote anavyo, programu yetu ikampa alama 38 kati ya 100. Mwenzangu alikuwa akipitia waliokatwa, kazi ambayo mteja hakutuagiza, akaniita. Tukawa tunabadilisha mstari mmoja, tunauingiza wasifu upya, tunatazama alama. Tulipoziba pengo la miezi 14 kati ya ajira mbili, alama zikaruka hadi 81. Kwenye pengo lile mwenyewe alikuwa ameandika neno moja tu: malezi.

Hatukuifundisha programu kuwabagua kina mama. Tuliilisha rekodi za walioajiriwa miaka ya nyuma, wengi wao hawakuwa na mapengo, nayo ikajifunza kwamba pengo ni dosari. Mama yule hakujua kwamba aliyemkata ni mashine. Hakuwa na pa kulalamika. Mteja wetu naye hakujua. Tulirekebisha, tukamwomba mteja awapitie upya wote waliokatwa kwa sababu hiyo, naye akakubali. Lakini kama tungenyamaza, hakuna sheria ambayo ingetushtua.

Ndiyo maana sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu ya kisheria tarehe 1 Agosti 2024 na ambayo vifungu vyake vinaanza kutumika kwa awamu, ilinivutia. Haiulizi sana mashine ni ya aina gani, inauliza imepewa kazi gani. Kichujio cha barua taka hakisumbuliwi. Programu ya kuchagua wa kuajiriwa au kupima nani anafaa kukopeshwa inahesabiwa kuwa ya hatari kubwa, na mwenye nayo ana mzigo wa kupima, kutunza kumbukumbu na kuweka binadamu wa kuisimamia. Machache yamepigwa marufuku kabisa, kama kuwapa raia alama za mwenendo wao wa kijamii. Faini ya kukiuka marufuku hayo inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya dunia nzima ya mwaka, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Kwa kampuni ndogo huangaliwa kilicho kidogo. Kipengele hicho cha mwisho kinaonekana kidogo, ila kwa watu watatu kama sisi ndicho kinachoamua kama tutajaribu au tutaacha.

Halafu kuna viwanja vya majaribio. Mdhibiti wa huduma za fedha wa Uingereza alianzisha chake mwaka 2016: kampuni inajaribu huduma kwa wateja wachache, kwa muda maalumu, mdhibiti akiwa pembeni anaangalia. Sheria ya Ulaya inataka kila nchi mwanachama iwe na angalau kimoja cha akili mnemba. Ningekuwa nacho wakati ule, pengo la miezi 14 lingeonekana kabla halijamgharimu mtu kazi.

Na sheria iibane serikali yenyewe pia. Januari 2021 serikali ya Uholanzi ilijiuzulu baada ya maelfu ya wazazi kutuhumiwa kimakosa kwamba wameghushi madai ya ruzuku ya malezi ya watoto, na mfumo wa kompyuta wa kupima hatari ulikuwa na mkono katika balaa hilo.

Sasa, rasimu ikitolewa kwa maoni ufanye nini? Mara ya kwanza nilipeleka kurasa mbili za kulia kwamba ubunifu utakufa. Sikujibiwa, na sikustahili kujibiwa. Mara ya pili nilipeleka kisa cha yule mhasibu, bila jina lake, pamoja na siku tatu tulizotumia kulibaini kosa. Rasimu ilitaka kila anayekataliwa apewe maelezo kamili ya jinsi mfumo unavyofanya kazi. Kwetu hilo lingekuwa mamia ya kurasa, na mama yule asingepata humo anachokitafuta. Nikapendekeza apewe sababu kuu zilizomshusha na mtu wa kumwendea akipinga. Siku chache baadaye nilipigiwa simu, mwandishi wa rasimu akitaka kujua sababu hizo tunazipataje. Tukaongea karibu saa nzima.

Kwa hiyo fungua daftari la makosa leo: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, aliyeumia, ulichobadilisha. Bila hilo utakuwa na hasira tu za kupeleka. Muda wa maoni huwa mfupi, kwa hiyo anza na kifungu cha tafsiri, yaani kile kinachoeleza maana ya maneno ya sheria. Mahali "akili mnemba" inapoelezwa kwa upana mno, hata jedwali la hesabu lenye fomula mbili linanaswa. Chukua programu yako, isome sentensi hiyo neno kwa neno, kisha waandikie ni wapi inakugusa isivyostahili, na ni wapi inastahili kukugusa lakini imekuruka.