Mgonjwa Anayeumwa Mgongo: Ni Nani wa Kupewa Rufaa Leo?

SWALI: Daktari, salamu kutoka Ukerewe. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya, na karibu kila siku napokea watu wanaoumwa mgongo: wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha, akina mama wanaobeba ndoo za dagaa mwaloni, na wazee. Siwezi kuwapandisha wote kivuko kwenda Mwanza. Nitamtambuaje yule ambaye saratani imemfika kwenye uti wa mgongo kabla hajapooza? Na je, eksirei yake ikiwa safi, niridhike?

JIBU: Ndugu yangu, nimefurahi kwamba umeuliza kuhusu wakati wa kabla ya kupooza, kwa sababu hapo ndipo miguu ya mgonjwa huokolewa. Saratani za tezi dume, titi na mapafu ni miongoni mwa zile zinazosambaa mara nyingi hadi kwenye pingili za mgongo, na uvimbe unapokua humo, au pingili inapobonyea, ugwe mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu (neva) unaopita ndani ya uti wa mgongo, hubanwa. Anayeanza matibabu akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea, lakini aliyekwisha kupooza kabisa ni nadra kusimama tena. Ukisubiri miguu ilegee au mkojo uzibe ndipo uandike rufaa, umechelewa.

Muulize kila mtu mzima kama amewahi kutibiwa saratani, hata zamani, kwani mama aliyeondolewa titi miaka mingi iliyopita haoni kwamba kovu lile linahusiana na mgongo wake, na hatakutajia usipomuuliza. Akikujibu kwamba hajawahi, bado usimtoe kwenye shaka: kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, kubanwa huku ndiko kunakofichua saratani kwa mara ya kwanza.

Kisha sikiliza maumivu yenyewe. Mgongo uliochoshwa na nyavu kwa kawaida hupata nafuu mtu akijinyoosha, ilhali maumivu ya saratani huweza kuzidi anapolala chali, humwamsha usiku, na wengine huishia kulala wameketi. Huongezeka wiki hadi wiki licha ya dawa ya maumivu kama diklofenaki, hukolea akikohoa au akijikamua chooni, na yakiwa katikati ya mgongo, ambako ndiko ugwe hubanwa mara nyingi zaidi, huzunguka kifua kama mshipi uliokazwa.

Mwombe avue shati, ugonge pingili moja baada ya nyingine taratibu kwa ubavu wa ngumi. Mara nyingi atashtuka ukifika kwenye ile yenye tatizo. Mwambie ainuke kwenye stuli bila kujishikilia, atembee hadi mlangoni na kurudi. Wagonjwa hawaji wakisema wamepungukiwa nguvu. Husema miguu ni mizito, kandambili zinawavuka bila wao kujua, au kuingia mtumbwini kumekuwa kazi. Maneno hayo yaandike kama yalivyotamkwa. Pima hisia kwa pamba kuanzia nyayoni hadi kifuani, na usione haya kuuliza kuhusu ganzi sehemu za siri.

Kuhusu eksirei, hapana, usiridhike. Mfupa unaweza kupoteza karibu nusu ya madini yake kabla picha haijaonyesha kitu. Kinachohitajika ni MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha hata ugwe wenyewe, ya uti wa mgongo wote, na dalili za neva zikiwapo ifanyike ndani ya saa 24. Mpigie simu daktari wa zamu katika hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, kabla mgonjwa hajaondoka, mkubaliane kuhusu deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe unaobana ugwe, ambayo kwa kawaida huanzwa kwa miligramu 16 kwa siku pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Ukishuku limfoma (saratani ya tezi za limfu), hasa kwa mtoto au kijana, mwambie daktari huyo mapema, kwani dawa hiyo inaweza kuvuruga majibu ya kinyama kitakachopimwa.

Huku ziwani, kifua kikuu cha mgongo na kichocho navyo hulegeza miguu, na kichocho huweza kumpata kijana mwenye afya njema anayeshinda majini. Usipoteze siku ukijaribu kuvitofautisha kituoni, kwa kuwa miguu inayolegea ni rufaa ya siku hiyo hiyo, chanzo chochote kiwacho. Asafiri amelala, mgongo ukiwa umenyooka, na barua yake ieleze udhaifu ulianza lini na kama alifika kwako akitembea mwenyewe, maana ndilo jambo la kwanza tutakalouliza.