Majani ya miche yanapobadilika rangi na kujikunja: majibu kwa wakulima wa Nairobi

Wengi mliotuandikia mlinunua dawa kwanza, kisha mkauliza tatizo ni nini. Tunawaomba sana mwanze na mche wenyewe. Dalili zimeanzia majani ya chini au ya kileleni? Ukingo wa jani umepanda juu au umeshuka? Na upande wa chini wa jani kuna nini? Ukishajua hayo, hata mwenye agroveti atakusaidia vizuri zaidi.

Nimepanda nyanya kwenye ndoo za lita 20, balkoni ya ghorofa ya nne, Pipeline. Majani ya chini yamekuwa manjano, ya juu ni kijani. Jirani anasema ni virusi.

Hiyo si dalili ya virusi. Nitrojeni ikipungua, mche huihamisha kutoka majani makuukuu na kuyapelekea machanga, kwa hiyo manjano huanzia chini. Lakini maji yakizidi, mizizi hukosa hewa na chini hugeuka manjano vilevile. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukipata tope, acha kumwagilia na uhakikishe ndoo ina matundu yasiyopungua sita kwenye kitako. Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha CAN, mbolea ya nitrojeni, katika lita 10 za maji, umpe kila mche glasi moja, na urudie baada ya wiki. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kijani. Yatakayokuonyesha kama umefaulu ni mapya.

Angalia na jua pia. Pale majengo yamebanana, na nyanya hutaka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Shina likirefuka na kuwa jembamba, mbolea haitaziba pengo la mwanga.

Kwangu Rongai ni kinyume: majani machanga ndiyo manjano, lakini mishipa imebaki kijani. Ninamwagilia maji ya borehole.

Mche umekosa madini ya chuma, na kwa kawaida chuma kimo udongoni ila hakichukuliki. Maji ya visima virefu vingi vya Nairobi na viunga vyake yana baikaboneti ya sodiamu, yaani magadi. Kila ukimwagilia, udongo unazidi kuwa wa magadi, chuma kinafungika. Kuongeza CAN hakutasaidia kitu. Tumia maji ya mvua au ya mfereji kila unapoyapata. Kama kuna ukoko mweupe kwenye ukingo wa chombo, pitisha maji hayo mara mbili au tatu ya ujazo wa chombo, yatoke chini yote. Ukinunua chuma cha kuyeyusha, soma kibandiko utafute cha aina ya EDDHA. Cha aina ya EDTA hushindwa kazi kwenye udongo wa magadi.

Hoho zangu zina majani machanga membamba, magumu, yaliyokunjika kwenda chini. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili, sioni mdudu yeyote, na hali inazidi.

Hilo ndilo swali tunalolipata sana, na ndilo linalopoteza hoho nyingi bure. Dalili hizi ni za utitiri mpana, kijidudu cha jamii ya buibui. Urefu wake ni kama milimita 0.2, kwa hiyo macho matupu hayamwoni. Chuma jani dogo la kileleni, uligeuze: utaona mng'ao wa rangi ya shaba, kama limepakwa mafuta, na mshipa wa kati umepindapinda. Kwa lenzi ya kukuza mara 20 utaona vijidudu vyangavu kama maji vikitembea kando ya mshipa, na mayai yenye vidoadoa vyeupe.

Utitiri si mdudu wa miguu sita, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi. Zile za jamii ya pairethroidi huua maadui zake, naye huzaana bila kizuizi. Kata vilele vilivyoharibika, uvifunge kwenye mfuko. Kisha nyunyizia salfa ya kuchanganya na maji kwa kipimo cha kibandiko, jioni, ukilenga chini ya majani, na urudie kama kibandiko kinavyoelekeza. Usipige salfa jua likiwa kali, wala karibu na siku ulizopiga mafuta ya mwarobaini. Acha wiki mbili zipite, la sivyo utaunguza majani.

Kama majani yangekuwa yamekunjika kwenda juu yakiwa na michirizi ya fedha, tungesema ni wadudu wadogo waitwao thripsi. Yakinata na kuwa na sisimizi, ni vidukari: kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, kila baada ya siku nne, mara tatu.

Nyanya zimedumaa, majani yamejikunja juu, kingo ni manjano, na nikizigusa nzi weupe wanaruka.

Hapa sasa ni virusi, vinavyoitwa TYLCV na kuenezwa na nzi hao weupe, na havina dawa. Ng'oa mche leo, uufunge kwenye mfuko kabla nzi hawajahamia jirani. Kitalu kijacho kifunike kwa neti ya matundu madogo tangu siku ya kusia mbegu. Lakini majani ya chini yakijiviringa juu mchana wa jua kali yakiwa kijani, na mche unaendelea kukua, hilo ni joto au ukame. Usiung'oe.

Mwezi wa saba chini ya majani ya nyanya huwa zambarau. Niongeze DAP, mbolea ya fosforasi?

Hapana. Baridi huzuia mizizi kuchukua fosforasi. Sogeza miche penye jua, uifunike usiku. Joto likirudi, majani mapya hutoka kijani.

Niliweka mbolea ya kuku, siku tatu baadaye kingo za majani zikakauka.

Ilikuwa mbichi, na amonia na chumvi zake zimeunguza mizizi. Ondoa unayoiona juu, mwagilia maji mengi mara moja, kisha subiri. Inayobaki irundike mahali penye kivuli, uigeuze kila wiki kwa miezi miwili au mitatu, hadi ikose harufu ya kuchoma pua.