Kabla ya kutafuta jani la kuchemsha, tazama kwanza kilichomo chumbani

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema umehamia Tanga kikazi kutoka Singida, mmepanga nyumba Makorora, mkeo anatarajia kujifungua mwezi wa nane, na mngependa mtoto wenu akulie katika nyumba inayotegemea vitu vya asili kuliko dawa za viwandani. Umeuliza ni majani gani ya kumwogeshea mtoto, kama mwarobaini unamfaa, na namna ya kuwaondoa mbu na mende bila kupuliza sumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wote nimewazaa nikiishi Ngamiani, na nitakujibu kwa yale niliyoyapitia. Niwie radhi nikianza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lililonifunza mengine yote.

Mwanangu wa pili alizaliwa wakati wa masika ya mwaka 2008. Wewe unatoka nchi kavu, kwa hiyo huenda hujaonja bado masika ya pwani: nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu kabatini, na shuka iliyofuliwa juzi inanuka uvundo leo. Ndiyo maana wanawake wengi wa huku huweka nafthalini katika masanduku, vile vidonge vyeupe vya mviringo vyenye harufu kali, ili kuwafukuza nondo na mende. Mavyaa wangu, kwa mapenzi yake, alikuwa amehifadhi nguo za wajukuu kwa miaka, zimekunjwa vizuri pamoja na kanga zake za kuweka, na kila safu ina vidonge vyake. Mtoto alipotimiza siku tatu tulimvika fulana na kumfunika blanketi kutoka katika sanduku hilo. Siku ya tano macho yake yalikuwa ya manjano. Siku ya sita umanjano ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyayo, na hakuwa tena na nguvu za kunyonya.

Tulichelewa siku nzima, na siku hiyo bado inaniuma. Shangazi wa mume wangu alisema kwamba watoto wengi huwa hivyo na kwamba jua la asubuhi lingetosha, nasi tukamtoa barazani tukamlaza juani huku amefunikwa blanketi lile lile. Ushauri ule ulionekana wa busara kwa sababu ni kweli kwamba watoto wengi wachanga hupata umanjano mdogo unaokwisha wenyewe. Lakini mtoto ambaye umanjano wake umeanza siku ya kwanza, au umefika mikononi na miguuni, au amelegea na kukataa ziwa, huyo si wa kuanikwa juani, ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Wetu aliwekwa chini ya taa maalumu ya buluu na akaongezewa damu. Daktari aliyempokea aliinama akanusa blanketi kabla ya kuuliza lolote, kisha akatuuliza nguo za mtoto zilihifadhiwa na nini.

Alitueleza kwa subira. Chembe nyekundu za damu zina kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda zisiharibiwe na baadhi ya kemikali. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wake, na wanaodhurika zaidi ni wavulana, kwa kuwa wao huurithi kutoka kwa mama zao. Upungufu huo umeenea hasa katika nchi ambazo malaria imekaa kwa vizazi vingi, kwa sababu humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kujua kuwa anao. Akivuta mvuke wa nafthalini, chembe zake hupasuka kwa wingi, na ile rangi ya manjano inayotokana na kupasuka huko, ikizidi mno kwa mtoto mchanga, huweza kuingia katika ubongo na kumwachia uziwi au ulemavu wa kudumu. Mwanangu alipona, namshukuru Mungu, na leo ni mrefu kuliko baba yake. Kila anapoandikiwa dawa hutaja hali yake kwanza, kwani zipo dawa, primakwini ya malaria ikiwa mojawapo, ambazo hapaswi kupewa bila uangalizi.

Tangu siku zile nimeshika kanuni moja ya afya ya nyumbani, nayo ni kwamba kuondoa hutangulia kuongeza. Watu wanapozungumza juu ya njia za asili, mara nyingi wanatafuta kitu cha kutia: jani la kuchemsha, mafuta ya kupaka, moshi wa kufukiza. Mimi nasema chumba cha mtoto kichunguzwe kwanza, kitolewe kila kisichostahili kuwamo, na baada ya hapo ndipo tuzungumze majani. Wala nisieleweke kuwa ninakilaumu kidonge cha kiwandani peke yake. Hina ni jani, tena ni jani tunalolipenda sana huku pwani, lakini kwa mtoto mwenye upungufu huu hina iliyopakwa mwilini nayo huweza kupasua damu, na wapo watoto waliofikishwa hospitali kwa sababu hiyo. Ikifika arubaini ya mtoto na bibi zake wakataka kumrembesha viganja, waombeni kwa adabu wangoje. Piko ndiyo usiikubalie kabisa, maana hiyo ni rangi ya nywele, na huunguza hata ngozi ya mtu mzima ikaacha malengelenge na makovu.

Kuhusu mwarobaini nitakuwa mkali kidogo. Majani yake tunayatumia, mimi mwenyewe huyakausha na kuyaweka katika mapipa ya mahindi na kunde ili kuzuia wadudu, na kwa kazi hiyo sijapata kujuta. Kumnywesha mtoto mchanga ni jambo jingine. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewaletea watoto wadogo degedege, kupoteza fahamu na hata kifo, baada ya kupewa kiasi kidogo tu kwa kijiko, na habari hizo zimeandikwa na madaktari wa India na Malaysia, ambako mti huo unaheshimiwa kama kwetu. Kwa miezi sita ya mwanzo mtoto wenu hahitaji kitu kinywani isipokuwa maziwa ya mama yake: si maji, si maji ya majani, si dawa ya tumbo ya dukani. Asali nayo ingojee mpaka atimize mwaka, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia, na sumu yao hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, bila majivu wala mafuta. Maji ya kumwogeshea yawe safi na ya vuguvugu, basi. Majani hayahitajiki.

Sasa nije kwenye chumba cha mzazi, ambako nadhani mtapata mtihani mkubwa kuliko wote, hasa akija mama au somo, yaani kungwi wake, kumtunza mkeo katika siku arobaini. Desturi zetu nyingi za siku hizo nazipenda na ningetaka zidumu: mama kupumzishwa, kukandwa kwa maji ya moto, kupikiwa uji wa pilipili manga, kuzungukwa na wanawake wanaojua. Lakini jiko la mkaa linalowekwa chini ya kitanda au pembeni ya ukuta, madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi na ubani ukifukizwa juu yake, hilo litoke. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika chembe za damu mahali panapopaswa kushikwa na oksijeni, na mtu hufa akiwa usingizini bila kukohoa hata mara moja. Katika uzazi wangu wa kwanza niliamka kila asubuhi kichwa kikinigonga na moyo ukinichafuka, nikaambiwa ndicho kichwa cha uzazi. Nilikuwa nikipata nafuu kila nilipokaa barazani kwa muda, na haikunipitikia kujiuliza kwa nini. Kama chumba kina baridi ya mvua, mama na mtoto walale pamoja wamevaa vizuri. Jiko libaki uani. Udi na ubani vifukizwe sebuleni, mlango wazi, mtoto akiwa chumba kingine, na nguo zikishanukia ziachwe zipate hewa kabla ya mama kuzivaa.

Wanja nao nautaja kwa sababu utaletewa kama zawadi. Wanja wa manga mwingi unaouzwa katika vichupa vidogo hutengenezwa kwa mawe yenye madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto taratibu, bila dalili ya kumshtua mzazi. Mtoto hupendeza bila wanja.

Kuhusu mbu, watu watakutajia kivumbasi, na ni kweli harufu yake huwapunguza. Mimi nimekipanda chini ya madirisha mawili, na jioni huvunja matawi machache nikayatundika. Kivumbasi hakiwi badala ya chandarua chenye dawa, hata kidogo, na mtoto alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Lakini kumbuka kwamba mbu wa malaria huuma usiku, na Tanga tunao pia mbu wa mchana, wenye madoadoa meupe miguuni, wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ilitupata kwa wingi mwaka 2019 sisi na wenzetu wa Dar es Salaam. Hao huzaliana katika maji yaliyotuama karibu na watu: ndoo isiyo na mfuniko, tairi kuukuu, sahani chini ya chungu cha maua, na hasa vifuu vya nazi ambavyo kila nyumba ya huku hutupa uani. Yai huwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo siku moja kila wiki, kwetu ni Jumamosi asubuhi, tunazunguka uwanja wote tukimwaga, tukifunika na kufukia, na vifuu tunavikausha viwe kuni. Hakuna dawa ya asili iliyotufaa kuliko mzunguko huo wa nusu saa.

Mende hufuata maji na makombo. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, pipa la taka lifunikwe, chini ya sinki pakaushwe, na nyufa za ukuta zizibwe kwa saruji. Chaki ya mende usiiingize nyumbani kabisa, kwa kuwa mtoto anayetambaa hawezi kuitofautisha na chaki ya kuandikia, nayo ni sumu ya wadudu iliyogandishwa. Dawa ya kusafishia choo na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini zisichanganywe katika ndoo moja, maana hutoa hewa inayochoma mapafu. Sufuria zangu nazisugua kwa majivu na limau.

Jambo ambalo nakuomba ulifanye kabla mtoto hajazaliwa, hata leo jioni, ni kutazama mafuta ya taa yako wapi. Mtoto wa jirani yetu, wa miaka miwili, aliyakuta katika chupa ya soda chini ya meza akayanywa kwa kuyadhania kinywaji. Watu waliokusanyika walitaka kumtapisha na kumpa maziwa. Mama yake alikataa akambeba hivyo hivyo mpaka hospitali, na alifanya sawa, kwa sababu mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapoingia katika mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mafuta yakae katika dumu lake, juu, yamefungwa. Akiungua kwa maji ya moto, mmiminie maji safi ya kawaida kwa dakika ishirini, na dawa ya meno isiguse kidonda.

Chakula cha mkeo nisikiandikie mengi, kwa kuwa soko la Tanga litamtunza: dagaa, samaki, mchicha, majani ya mlonge yaliyopikwa kwa nazi, machungwa ya Muheza. Akitaka kisamvu, kitwangwe hasa na kichemshwe muda mrefu bila mfuniko, kwani kutwanga hufungua sumu iliyomo katika majani ya muhogo na mvuke huiondoa. Bibi zetu hawakuwa na jina la sumu hiyo, lakini mapishi yao yaliijua.

Umeandika pia kwamba unaogopa kumkatalia mkweo atakapokuja. Mimi sikumkatalia mavyaa. Nilimwita hospitalini akamsikia daktari mwenyewe, akalia, na aliporudi nyumbani alimwaga vidonge vyote chooni kwa mkono wake. Zile nguo alizifua na kuzianika mpaka harufu ikaisha, lakini mtoto hakuvikwa tena hata moja, na nawe fanya hivyo kwa nguo yoyote utakayoletewa ikiwa na harufu ile. Siku hizi huanika kanga zake kila anapopata jua kali, huzikunja zikiwa kavu kabisa, na katikati ya safu hutia karafuu, mdalasini na vilua vilivyokauka. Mjukuu wake wa tatu alivaa kutoka katika sanduku hilo.