Daftari la wapiga kelele

Kila aliyesoma katika shule zetu analijua daftari hili. Mwalimu akitoka darasani, monita huchukua kalamu na kuandika majina ya wanaopiga kelele. Mwalimu akirudi hukabidhiwa orodha, na walioandikwa huadhibiwa. Nimefundisha kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka 14 katika shule ya kata iliyo chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na kwa nusu ya miaka hiyo niliamini kwamba monita mwenye orodha ndefu ndiye kiongozi bora. Siku moja niliomba daftari la monita wangu, nikalipitia ukurasa baada ya ukurasa. Majina sita yalijirudia karibu kila siku, yote ya wavulana wanaokaa nyuma. Rafiki zake wa dawati moja hawakuwamo hata mara moja, na majina mawili yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Baada ya kunyamaza kwa muda mrefu aliniambia kwamba hao walikuwa wamempa maandazi. Alikuwa na umri wa miaka 13. Sikumwadhibu, kwa sababu kazi ile nilimpa mimi, na somo alilolipata kwangu lilikuwa kwamba mkubwa ni yule anayeweza kumponza mwenzake.

Vijana wa umri huu, ambao kwa wenzetu wa Kenya wako kati ya gredi ya saba na ya tisa, huanza kujali macho ya wenzao kuliko ya mwalimu au ya mzazi. Walimu wengi hulihesabu jambo hilo kuwa utovu wa nidhamu. Mimi nimeona kwamba hapo ndipo pa kuanzia malezi ya uongozi, kwa kuwa kijana anayeona haya mbele ya wenzake yuko tayari pia kuwajibika mbele yao, mradi jambo analowajibikia liwe lao kweli. Kelele za darasa ni jambo la mwalimu. Maji ya tangi, foleni ya uji, mipira ya michezo na fedha za bustani ni mambo yao.

Wazo hili si geni kwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe waamue mengi yanayohusu shamba la shule, na akatoa mfano wa fedha walizozipata: je, wakodi trekta la kulimia, au wazitumie kwa jambo jingine na kulima kwa nguvu zao? Tulilichukua jembe, uamuzi tukauacha. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, kwa hiyo mwalimu anayewashirikisha wanafunzi hawafanyii hisani.

Nitaeleza kwa kirefu kilichotokea tulipojaribu. Klabu ya bustani ya kidato cha kwanza ilikuwa imeuza mchicha na chainizi kwa walimu na majirani, ikapata shilingi 46,000. Mwezi Machi walikutana kuamua matumizi, na wengi walitaka kununua miche ya nyanya kwa sababu bei ya tenga sokoni ilikuwa imepanda. Nilijua kwamba mvua za masika huleta bakajani, ugonjwa unaounguza majani ya nyanya. Niliwaambia hivyo mara moja, bila kukaza sauti, kisha nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinitaabisha kuliko kazi yoyote ya ualimu niliyowahi kuifanya. Wakapiga kura: 19 kwa 8, nyanya zikashinda. Katikati ya Aprili mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, madoa ya kahawia yakatokea kwenye majani, na baada ya wiki mbili matuta yote yalikuwa yameungua. Zilibaki shilingi 3,500.

Wapo walimu wenzangu walioniambia niwafidie kimyakimya, na wapo walioniambia nimvue mwenyekiti madaraka. Yote mawili yangewanyang'anya jambo lao. Badala yake niliitisha kikao cha mapato na matumizi. Mhazini, binti mwembamba ambaye darasani hujibu kwa kunong'ona, alisimama mbele akiwa ameshika risiti za duka la pembejeo, na karatasi zile zilitetemeka mkononi mwake. Sauti ilitoka nyuma: fedha zimeliwa! Hakujibu. Alianza kusoma risiti moja baada ya nyingine, tarehe, bidhaa, bei, na kila aliposoma aliiweka juu ya meza ili anayetaka aje aitazame. Alipofika ya nne, hakukuwa na anayenong'ona. Mmoja wa wale wavulana sita wa daftari la kelele ndiye aliyenyoosha mkono na kupendekeza kwamba tangu siku hiyo wasipige kura ya zao lolote kabla ya kumwuliza afisa ugani wa kata. Pendekezo lilipita bila kupingwa, na linafuatwa mpaka sasa.

Kwa anayetaka kuanza, nashauri vipindi vya uongozi viwe vifupi. Nusu muhula inatosha, kisha wakabidhiane mbele ya wote, kwa maandishi, ili wengi waonje na asiwepo anayezoea kiti. Uangalieni pia mtindo wa kuwapa wavulana uenyekiti na wasichana ukatibu. Kwetu tulikubaliana nafasi zizunguke, na manung'uniko yalikwisha mapema kuliko nilivyodhani. Penye wasichana wasiozoea kusema hadharani, maigizo husaidia sana. Klabu za TUSEME, zilizoasisiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, zilitumia sanaa za maonyesho kwa lengo hilohilo, na nimemwona binti akisema akiwa katika uhusika jambo ambalo asingethubutu kulisema akiwa yeye mwenyewe.

Wazazi nao wasiiachie shule kazi hii. Nyumbani kwangu mwanangu wa miaka 14 ndiye anayeshika LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kila mwanzo wa mwezi tunamkabidhi fedha zote za umeme, naye ndiye anayesoma mita, kununua na kutunza hesabu. Mwezi wa kwanza umeme ulikatika Jumamosi usiku, tarehe 23, na fedha zilikuwa zimekwisha. Mama yake alitaka kutoa nyongeza. Nilimsihi asubiri, tukala kwa mwanga wa mshumaa. Asubuhi tulimwuliza amepanga nini. Alikaa na daftari hadi mchana, kisha akabandika karatasi ya uniti pembeni ya mita na kututangazia kwamba pasi itatumika Jumapili tu, kwa nguo za wiki nzima. Mama yake na mimi tunalifuata agizo hilo mpaka leo.