Maswali na Majibu: Kocha Afukuzwe, Kocha Abaki

Tangu Saskatchewan Roughriders wabebe Grey Cup, kombe la ligi ya futiboli ya Kanada, pale Winnipeg, Novemba 2025, ujumbe wenu haujakatika. Nusu yake unauliza kitu kimoja: kocha fulani anatimuliwa lini? Nimechagua machache. Walioanza na "mimi kwa kweli huwa naangalia NFL tu, lakini..." (NFL ni ligi ya Marekani) nimewaruka, isipokuwa mmoja aliyenichokoza.

Jason Maas ndiye aliyeipotezea Montreal fainali. Unamtoaje kwotabaki wako, mrusha pasi mkuu, mkiwa mlangoni mwa goli, unamwingiza wa akiba, naye anadondosha mpira? Huyo ni kocha au shabiki aliyepewa filimbi? (Mdau wa Laval)

Punguza hasira, tuanze na kanuni. Katika futiboli ya Kanada walinzi wanasimama yadi nzima kutoka ulipo mpira. Ukibakiza yadi moja, kwotabaki anaupokea mpira kwa senta, anainamisha kichwa na kujitupa mbele nyuma ya wakubwa wake. Mara nyingi ameshaipata ile yadi kabla walinzi hawajamfikia. Ndiyo maana karibu kila timu inaye kwotabaki wa pili, mwenye mwili, anayeingia kwa kazi hiyo tu. Montreal kazi hiyo ilikuwa ya Shea Patterson. Maas hakubuni kitu usiku ule. Alifanya alichokuwa akifanya msimu mzima.

Halafu mnasahau hali ya Davis Alexander, kwotabaki aliyetolewa. Alikuwa hajawahi kupoteza mechi aliyoianza, sawa, lakini alicheza fainali na msuli wa nyuma ya paja unaomsumbua. Wewe ungemwacha mtu wa paja bovu aende kusukumana na majitu ya mstari wa mbele? Angeumia, leo ungeniandikia kwamba Maas ni katili.

Matokeo yalikuwa 25 kwa 17. Timu iliyorusha pasi tatu zikanaswa na wapinzani haikufungwa na mpira mmoja uliodondoka mwishoni. Kama unataka kumbana Maas, mbane hapo: kwa nini mpango wake uliendelea kumtegemea kijana anayechechemea arushe mbali? Hilo ni swali la mbinu. La Patterson ni siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Eti ni kweli huku timu inapata pointi kwa kukosa goli? (Mgeni, Calgary)

Nimelijibu hili mara nyingi mno. Ndiyo, pointi moja, na kuanzia msimu wa 2026 imebanwa: mpira ukipita ukatoka nje ya eneo la mwisho, lile lililo nyuma ya mstari wa goli, hupati kitu. Pointi inabaki pale tu mpokeaji anaposhindwa kuutoa mpira eneo hilo, au anapopiga goti humo. Lihifadhi jibu hili mahali.

Mike O'Shea amepoteza fainali tatu mfululizo, na 2025 Winnipeg wameandaa fainali nyumbani kwao wakaishia kuitazama. Unamtetea mpaka lini? (Baba Neema, Winnipeg)

Mpaka utakaponionyesha aliye bora kuliko yeye na anayetafuta kazi. Nitakujibu kwa urefu maana mji wenu una maradhi ya kusahau.

O'Shea alianza Winnipeg 2014. Msimu wa kwanza alishinda mechi saba akapoteza 11. Wa pili alishinda tano, akapoteza 13. Vijiwe vyote vilishamfukuza. Mwaka 2016 akaingia mtoano dhidi ya BC Lions kule Vancouver. Sekunde zinakwisha, yuko nyuma 32 kwa 31, jaribio la tatu, ambalo ndilo la mwisho la kutimiza yadi kumi, amebakiza yadi chache tu. Badala ya kuzitafuta, akamwita Justin Medlock apige teke la yadi 61. Rekodi ya ligi yote ni yadi 62, ya Paul McCallum, 2001. Maana yake alimwomba mtu apige teke ambalo katika historia nzima ni mmoja tu aliyewahi kulizidi, na kwenye mechi ya kufa na kupona. Mpira haukufika.

Mwaka uliofuata, mtoano tena, dhidi ya Edmonton. Akiwa nusu yake mwenyewe ya uwanja akajifanya anapiga teke kumbe ni hila, hila ikagoma, mwisho wakafungwa 39 kwa 32.

Sikiliza: maamuzi yote mawili yalikuwa mabaya. Nilisema hivyo wakati ule na sijabadilika. Lakini uongozi ulipima kazi yote, haukupima dakika moja. Matunda yakaja 2019, wakaifunga Hamilton 33 kwa 12 na kumaliza ukame uliodumu tangu 1990. Mwaka 2020 msimu ulifutwa kwa sababu ya korona. Mwaka 2021 wakachukua tena, 33 kwa 25, kwa muda wa nyongeza. Kisha wakafika fainali 2022, 2023 na 2024. Fainali tano mfululizo, Baba Neema. Wapo mashabiki wangeuza ng'ombe kupata mbili.

Na hizo tatu zilizopotea zilipoteaje? Ya 2022, pointi moja, 24 kwa 23, teke la mwisho likizuiwa na mkono wa Robbie Smith wa Toronto. Ya 2023, Cody Fajardo wa Montreal anampata Tyson Philpot kwa pasi ya ushindi zimebaki sekunde 13. Kocha gani ana dawa ya mkono wa mtu na sekunde 13? Ya 2024 nakuachia. Walichapwa 41 kwa 24, na Toronto hawakuwa hata na kwotabaki wao nambari moja. Hapo mlaumu, nitakusaidia.

Kwa nini kocha wetu anamwacha benchi Mmarekani anayekimbia kama swala, anamchezesha Mkanada wa kawaida? Upendeleo? (Hamilton)

Uwiano. Kanuni inadai Wakanada wasiopungua saba kati ya wachezaji 24 wanaoanza, 12 wa kushambulia na 12 wa kuzuia. Mkanada mmoja akiumia kwenye mstari wa mbele na huna Mkanada mwingine wa nafasi ile, unalazimika kumwingiza Mkanada mahali pengine kabisa, na Mmarekani wako wa swala anakaa chini bila kosa lake. Timu nyingi hufa Septemba kwa sababu hiyo, huku nyinyi mnajadili nani alirusha pasi gani. Kabla ya kumtukana kocha, tazama orodha ya majeruhi. Akina nani ni Wakanada? Ukijibu hilo umeshapita nusu ya wachambuzi wa kijiweni.

Wachezaji wanakimbia kabla mpira haujaanza na refa anatazama tu. (Toronto)

Inaruhusiwa.

Mimi naangalia NFL, lakini juzi nilikaa nikatazama hii ya kwenu. Majaribio matatu tu, kila saa wanapiga teke. Makocha wa huku ni waoga. (Mtaalamu, Windsor)

Wewe ndiye uliyenichokoza.

Ukiwa na majaribio matatu, la kwanza likikupa yadi mbili tayari uko taabani: la pili linabidi likupe yote yaliyobaki, la tatu ni la kuamua. Kwa hiyo kocha wa Kanada hana nafasi ya kukimbia na mpira mara mbili "kuwachosha wapinzani". Anarusha mapema, na anatumia uwanja ambao ni mpana kuliko wenu, yadi 65, wenye mtu wa 12 kila upande. Teke si woga. Mpigaji mzuri anayemwachia mpinzani mpira mlangoni kwake amefanya kazi ya walinzi wanne. Tazama mechi moja uandike kila timu inaanzia wapi ikipewa mpira. Usiandike kingine chochote. Utajua nani atashinda kabla ubao haujasema.

Sasa niwape onyo ambalo hamkuuliza. Kuanzia 2027 uwanja unapunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100, eneo la mwisho kutoka yadi 20 hadi 15, na milingoti ya goli inahamishwa kutoka mstari wa goli kwenda nyuma kabisa. Piga hesabu. Leo mpira ukiwa yadi 30 kutoka mstari wa goli, teke ni la yadi 37 hivi, kwa sababu anayemshikia mpigaji mpira anapiga goti yadi saba nyuma. Baada ya kuhama kwa milingoti, mahali pale pale, teke litakuwa la yadi 52. Makocha watalazimika kuthubutu zaidi kwenye jaribio la tatu, na mimi hilo sina ugomvi nalo. Mlingoti katikati ya njia za pasi ulikuwa kero. Lakini kuukata uwanja wenyewe? Kamishna wa ligi Stewart Johnston alitangaza haya Septemba 2025 na Nathan Rourke, kwotabaki wa BC na Mkanada mwenyewe, akayapinga hadharani bila kung'ata maneno. Niko upande wa Rourke. Tukishamaliza kufanana na jirani, mtu atalipa kiingilio kuona nini ambacho hakioni bure kwenye runinga?

Kijana wangu, mimi ni mzee wa Regina. Mwaka tuliofungwa na mtu wa 13, wewe uliona kosa la nani? (Mzee wa Tikiti Maji)

Shikamoo mzee. Na hongera kwa kombe, najua lile tikiti maji mnalovaa kichwani nyinyi mashabiki wa Saskatchewan limekatwa upya.

Kwa wasiojua: fainali ya 2009, Calgary. Saskatchewan wanaongoza 27 kwa 25, saa imekwisha, Damon Duval wa Montreal anapiga teke la yadi 43 na kulikosa. Watu wa kijani wanamwagika uwanjani kusherehekea. Kumbe kibendera cha refa cha kuonyesha kosa kiko chini. Saskatchewan walikuwa na watu 13. Adhabu yadi 10, Duval anarudia kutoka yadi 33, anapata, 28 kwa 27.

Mzee, lile ni kosa la benchi. Mchezaji anaingia na kutoka kwa kuitwa. Wapo makocha ambao kazi yao ni kuhesabu kikosi cha teke kabla mpira haujapigwa, na kuhesabu hadi 12 hakuhitaji kipaji. Ukiniuliza mbinu ni nini, naanzia hapo, kabla ya michoro ya ubaoni. Kocha ninayemtilia shaka ni yule ambaye timu yake inapigwa vibendera vile vile Juni na vile vile Oktoba.

Edmonton ilipoteza mechi 22 mfululizo nyumbani. Kocha Chris Jones alistahili kufukuzwa mapema zaidi, kweli si kweli? (Edmonton)

Kweli, lakini si kwa hesabu yako. Ukame ule ulianza Oktoba 2019 ukaisha Agosti 2023. Jones alikuja kuongoza 2022, kwa hiyo zipo alizozirithi. Lililonikera mimi ni kwamba alikuwa kocha mkuu na meneja mkuu kwa wakati mmoja. Anasajili mwenyewe, anachezesha mwenyewe, anajipima mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake. Alishinda nne akapoteza 14, mwaka uliofuata akarudia yale yale, akaondolewa Julai 2024 akiwa amepoteza tano kati ya tano.

Mlikuwa mnauliza kwa nini hawakumtoa mapema. Ligi imeweka ukomo wa fedha za benchi la ufundi, na mshahara wa kocha uliyemfukuza unaendelea kula humo humo. Ukimpa mtu mkataba mrefu na vyeo viwili, umejifunga kamba mwenyewe. Wale mnaotaka kocha wenu "apewe madaraka yote", someni aya hii tena.

Nipe timu ya uhakika wiki ya kwanza, nataka kuweka mkeka. (Ontario)

Hakuna. Toronto 2023 walishinda 16 wakapoteza mbili tu, halafu wakaenda nusu fainali wakiwa nyumbani wakapoteza mpira mara tisa na kufungwa na Montreal 38 kwa 17. Waliowawekea kodi ya nyumba nawajua. Tangu soko la Ontario lifunguliwe Aprili 2022 kila tangazo la pili ni la kubeti, na vijana wetu wanaofanya zamu za usiku ghalani ndio wanaochanika. Nitumie swali la futiboli.

Mwanangu ana miaka 14, kocha wa shule anamtaka. Mimi naona ni mchezo wa kuvunjana shingo. Dada zangu wanasema nimnyime. (Mama Furaha, Mississauga)

Mama Furaha, hofu yako ina msingi. Kichwa ndicho cha kuogopa, zaidi ya shingo. Nenda shuleni mwenyewe, usimtume mtoto. Muulize kocha: wanafundishwa kukaba na kichwa kikiwa wapi? Mtoto akigongwa akaona kizunguzungu, nani anaamua kama anarudi uwanjani? Kocha akikujibu "huwa tunaona anavyojisikia", mshike mwanao mkono mwondoke.

Akikujibu vizuri, mpe mtoto nafasi. Hapo hapo Mississauga alikulia Henoc Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Akasoma Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier, mwaka 2011 akawa wa kwanza kuchaguliwa katika usajili wa vijana wa ligi. Katika ile fainali ya 2022 alinasa pasi dakika za mwisho, akatajwa mchezaji bora wa mechi na Mkanada bora wa mechi usiku mmoja. Ule uwiano wa Wakanada niliowaeleza juu ndio unaowawekea mlango watoto kama wako. Kila kocha anatafuta Mkanada anayeweza kucheza, hawatoshi. Lakini masomo yatangulie, maana Muamba naye alipitia chuo, na mshahara wa ligi hii si ule mnaousikia wa Marekani.

Saskatchewan watatetea kombe? (Saskatoon)

Inategemea kama mstari wao wa mbele utakuwa mzima mwezi wa tisa. Kocha wao mkuu Corey Mace ni mtu wa ulinzi, na kwotabaki wao Trevor Harris haongezeki ujana.