Kabla hujauza kishamba kwa ajili ya besiboli

Kaka, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na wa shemeji pia. Nilivyoelewa ni hivi: kijana ameona kwenye simu vijana wa Uganda wakisajiliwa na timu za besiboli za Marekani. Sasa kuna mtu hapo Bukoba anadai atamuunganisha akilipwa kwanza, na mnafikiria kuuza kile kishamba cha kahawa. Mnaniuliza kama besiboli inalipa, na kwa nini mimi shangazi yake niliye huku nisimtafutie timu.

Nianze na hilo la pili. Timu ya mji wangu haipo tena.

Mnajua naishi Pawtucket, jimbo la Rhode Island, si mbali na Boston. Hapa ndipo Samuel Slater alipojenga kiwanda chake cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji mwaka 1793, na mji mzima ukaishi kwa viwanda hadi vilipohama kufuata vibarua wa bei nafuu. Kilichobaki cha kujivunia kilikuwa Pawtucket Red Sox, wenyeji wakiiita PawSox. Msidhani ni ligi kuu. Ilikuwa timu ya kulea wachezaji wa Boston Red Sox, daraja moja chini ya ligi kuu. Mchezaji akiiva anaitwa Boston. Akichuja anarudishwa Pawtucket, au anaambiwa afungashe.

Mwaka 1977 timu ilikuwa imefilisika, akainunua Ben Mondor, mzee aliyezaliwa Quebec, naye mhamiaji kama sisi, aliyetajirikia kwenye viwanda vya nguo. Alishikilia tiketi ziwe za bei ambayo familia ya kibarua inaimudu. Uwanja wenyewe, McCoy, ulifunguliwa 1942 juu ya kinamasi. Benchi za wachezaji zilikuwa chini ya miguu ya watazamaji, kwa hiyo watoto walikata dumu la plastiki la maziwa, wakatia mpira na kalamu, wakalishusha kwa kamba kama wanavua samaki. Mchezaji anasaini, mtoto anavuta. Wenzangu kazini waliokulia hapa bado wana mipira hiyo kabatini.

Sasa nikupe kisa ambacho kila mtu hapa anakijua, maana ndani yake kuna jibu la swali lako la kwanza. Mechi ya besiboli huwa na raundi 9. Wakitoka sare wanaongeza mpaka mmoja ashinde. Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 1981, mkesha wa Pasaka, PawSox walicheza na Rochester Red Wings. Raundi 9 sare, 20 sare, 30 sare. Baridi ilikuwa ya kuuma, wachezaji wakawa wanachoma magongo yaliyovunjika ili waote moto. Mechi ilisimamishwa saa 10 na dakika 7 alfajiri baada ya raundi ya 32, na jukwaani walikuwa wamebaki watu 19. Ilimaliziwa tarehe 23 Juni, kwa dakika 18 tu: Dave Koza akapiga mpira uliomwezesha mwenzake Marty Barrett kukimbia hadi kituo cha mwisho na kupata alama, PawSox wakashinda 3 kwa 2 katika raundi ya 33. Hakuna mechi ya kulipwa ya besiboli iliyowahi kwenda raundi nyingi kuliko hiyo.

Usiku ule walikuwepo Wade Boggs na Cal Ripken Jr., ambao baadaye walikuwa magwiji wa ligi kuu wa kutajwa vizazi na vizazi. Koza je, shujaa mwenyewe? Hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Alifika mlangoni, akakaa mlangoni miaka, na mlango haukufunguka.

Ndiyo hali ya wengi. Kabla ya 2021 mchezaji wa daraja la Pawtucket alikuwa na mshahara wa chini wa kama dola 500 kwa wiki, na wa madaraja ya mwanzo, huko wanakoanzia vijana wa Uganda, dola 290. Tena wakati wa msimu tu; miezi mingine unajitegemea. Mwaka 2023 walipata mkataba wa chama cha wafanyakazi, wa daraja la Pawtucket wakaanzia dola 35,800 kwa mwaka. Kodi ya nyumba hapa nikikutajia utadhani nimeongeza sifuri. Vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, kweli walisajiliwa na Los Angeles Dodgers, timu ya ligi kuu, mwaka 2022, na nawapongeza. Lakini kusajiliwa ni kuanza kupanda ngazi, na mwaka 2021 ngazi yenyewe ilikatwa: timu za kulea wachezaji zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120.

Timu yetu haikufa kwa hilo. Mondor alifariki 2010, na mwaka 2015 ikauzwa kwa matajiri waliotaka uwanja mpya jijini Providence, kwa msaada wa fedha za umma. Wananchi wakagoma. Walikuwa na kidonda kibichi: mwaka 2010 serikali ya jimbo ilidhamini mkopo wa dola milioni 75 kwa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Curt Schilling, mrushaji wa zamani wa Boston Red Sox, ikafilisika 2012. Ukaja mpango wa uwanja wa Pawtucket, wanasiasa wakavutana, na Agosti 2018 wenye timu wakatangaza wanahamia mji wa Worcester, katika jimbo la jirani la Massachusetts. Msimu wa kuagana, 2020, ukafutwa na korona. Mji haukupata hata mechi ya kwaheri, na hilo ndilo linalowauma wazee ninaowahudumia usiku kuliko kuhama kwenyewe. McCoy umeshabomolewa, panajengwa shule ya sekondari. Kando ya mto kumefunguliwa uwanja mpya wa soka, mwaka 2025. Afadhali kijana angekuwa anacheza soka.

Kuhusu huyo mtu wenu. Timu ya Marekani inayomtaka kijana wa nje humtumia mtu wa kumpima, ikiridhika humlipa kijana mwenyewe fedha za kusaini na kumshughulikia viza. Wakala wa kweli hula asilimia kwenye mkataba ukishapatikana. Anayetaka chake kabla ya mkataba anauza kitu kingine. Na kijana ana miaka 19, kaka, hajawahi kushika gongo la besiboli.

Mimi mwenyewe huku ni mbeba boksi, mnajua. Ada ya chuo cha ufundi nitachangia nusu. Kishamba kiacheni. Huyo mtu mwambieni aandike jina la timu na la aliyemtuma, nitapiga simu mwenyewe asubuhi nikitoka zamu.