Pikapu inachemsha kilimani? Kabla hujafungua hedi, tazama mpira wa chini wa rejeta

Mie nina Datsun 1200, pikapu ya zamani aliyoniachia mzee, nabebea ndizi na mihogo kutoka Konde hadi Chake. Na Pemba mnaijua, ukishuka kilima kimoja ushaanza kupanda chengine. Basi gari ikawa inachemsha. Ikisimama inanguruma vizuri tu, sindano ya joto imetulia katikati, lakini nikitia mzigo nikaanza kupanda, sindano hiyooo mpaka kwenye nyekundu, naweka pembeni naitia maji kama nanywesha ng'ombe.

Fundi wa kwanza akasema toa thamostati (ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto), gari za huku hazina haja nayo. Tukaitoa, haikusaidia kitu. Nishairudisha, kwa sababu inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu na bila hiyo injini haipati moto wake sawasawa, inakula mafuta tu. Fundi wa pili kasema gasketi imeungua (ile inayoziba chini ya hedi, maji yasiingie kwenye oili), tufungue hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini. Hapo nikasita, maana oili ilikuwa safi, haijawa kama chai ya maziwa, na kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa, mapovu hamna.

Siku moja nikafungua boneti injini ishapata moto, nikamwambia mwanangu kanyaga mafuta, mie macho kwenye mpira wa chini, ule unaotoka rejeta kwenda kwenye pampu. We! Kila akikanyaga mpira unajibana bapa kama mrija wa juisi, akiachia unarudi. Yaani pampu inavuta maji na huku inajizibia njia yenyewe. Kuutoa, ile springi ya ndani inayouzuia usibonyee imeliwa na kutu, vimebaki vipande viwili vitatu. Na kutu isitoke wapi, miaka yote naijaza maji ya kisima matupu!

Nikanunua mpira mgumu (ubonyeze palepale dukani, ukiwa laini uache), na rejeta nikaisukumia maji kinyume, kutoka chini kwenda juu, likatoka tope jekundu mpaka nikaona haya. Siku hizi natia kulanti (dawa ya rejeta inayozuia kutu) nusu, nusu maji ya mvua.

Na kifuniko cha rejeta usikiguse gari ikiwa ya moto, hata ukizungushia kitambaa, isubiri ipoe. Mie alama ninayo mkononi.